Kobe na Pacha Wake

4 Mei

Kwa Kaka Spana,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani, wewe, wifi, watoto na Mama. Mimi mzima. Anayeumwa ni Kobe.

Utakuwa umeiona taarifa ya kazini kwamba kigari chetu hicho kimezama mchangani huko Mirihi. Niliiandika mimi, ndiyo maana ni fupi na haina chumvi. Hii nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa kazini unasomwa na watu wengi, na nusu yao hawana la kufanya zaidi ya kujibu.

Mambo yalivyo ni haya. Kobe alikuwa anateremka kwenye bonde tulilolipa majina ya vyombo vya jikoni. Unaijua desturi yetu: kila bonde la Mirihi lina aina yake ya majina, ili mtu akisema "pima Kinu", asitokee mwingine kuuliza Kinu kipi. Alishawapita Mwiko, Kawa na Chungu, mawe meusi ya volkano yasiyo na jipya. Ndipo tukaona jiwe jeupe. Dogo tu, ukubwa wa ngumi, limekaa juu ya mchanga mwekundu na halifanani na jirani yeyote. Mkuu akakataa kulipa jina la chombo. Tunaliita Mgeni.

Tulipomsogeza Kobe ili mkono wake ulifikie, magurudumu ya nyuma yalivunja gamba la juu, na chini ya gamba kumbe ni unga. Sasa yamezama mpaka vitovuni. Mkono, hata hivyo, unamfikia Mgeni. Yaani amekwama pale pale nilipotaka asimame.

Kwa mbali, rangi za mwanga zinasema Mgeni ni udongo mweupe, ule unaopatikana tu mahali ambapo mvua iliunyeshea mwamba kwa muda mrefu kupita akili. Lakini kusema kwa mbali ni kubahatisha. Ili niwe na hakika lazima kipimo kimguse na kibaki hapo kwa wiki kadhaa. Miaka yote niliyofanya kazi hii nimekuwa nikilisubiri jiwe kama hili, na sidhani nitapata la pili.

Tatizo ni baridi. Jua linashuka, na nguvu ya sola iliyobaki inatosha jambo moja tu. Ama Kobe ajaribu kutoka, afike kwenye mteremko unaotazama jua, aishi. Ama akae, ampime Mgeni, kisha betri igande na tumpoteze. Mkuu amesema hataamua mpaka kiwanja chako cha majaribio kijibu: je, anaweza kutoka au hawezi?

Kikaoni nilisema sina upendeleo. Kwako nasema ninao, na ninaogopa.

Mdogo wako,
Kokoto

*

11 Mei

Kokoto,

Marahaba. Barua yako Mama aliisoma kabla yangu. Amesema tunaandikiana kama mawakili. Anauliza pia kama huko kazini kwenu kuna wanadamu, au ni mawe matupu, maana wewe tangu utoto ulikuwa ukijaza kokoto mifukoni mpaka sketi inashuka, na hadi leo hajaona ulicholeta nyumbani zaidi ya hizo.

Wenye hekima walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wako amekuja na desturi mpya: yeye kakaa, sisi ndio tunaolima.

Haya, tuje kwenye kazi. Nimemtoa Pacha kwenye turubai. Mtu asiyejua akipita hapa huona banda la mabati, shimo la mchanga na wanaume wazima wanaochezea gari, na siwezi kusema amekosea sana. Lakini Pacha ni Kobe yule yule, skrubu kwa skrubu, ila tumempunguzia uzito kwa sababu huko juu kila kitu ni chepesi. Sheria yetu hujaisahau: Kobe hafanyi jambo ambalo Pacha hajalifanya kwanza.

Kwa hiyo nipe mchanganyo. Unga kiasi gani, mchanga wa chembe kubwa kiasi gani, gamba la juu unene gani. Wewe ndiye unayeisoma ardhi ya kule, mimi ni mtu wa koleo. Ukiniambia nijaze shimo lote unga, nitajaza, na nitavaa kitambaa puani.

Nikuambie wazi ili tusije tukanuniana. Magurudumu ya Kobe niliyafunga kwa mikono hii, na wanangu walimuaga kwa jina siku anaondoka. Nataka atoke. Wewe unataka akae. Haidhuru, tumeshawahi kugombania baiskeli moja na tukabaki ndugu.

Kiwanja hakijambo. Mama anasema ule vizuri.

Kaka yako,
Spana

*

17 Mei

Kaka Spana,

Shikamoo. Mchanganyo nimeutuma leo kwa njia ya kazini. Gamba jembamba juu, chini yake unga kidogo, kisha mchanga wa chembe kubwa. Vipimo tulivyo navyo vinaruhusu kusoma hivyo. Usiongeze wala usipunguze, na mtu akikuuliza, mwambie niulizwe mimi.

Kuna jambo jingine. Kwenye kikao cha juzi mtu wa mipango alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba Kobe akifa kiwanja kitafungwa. Mafundi wataachishwa, Pacha atapelekwa kwenye ukumbi wa maonyesho. Akafungua ukurasa unaofuata. Nasi tukafungua zetu, mimi nikiwamo.

Wewe uliniandikia "kiwanja hakijambo". Ndiyo nini hiyo? Una watoto wawili na Mama ndani ya nyumba, na kazi ya namna yako haipatikani kila mtaa. Ulijua, na ukanyamaza ili nisije nikajisikia vibaya kulitaka jiwe. Hilo limeniudhi kuliko kikao chenyewe.

Kuhusu Mgeni, usinihurumie. Jiwe ni jiwe. Yapo mengine, na hata lisipopimwa halitakwenda popote. Mtoe Kobe.

Kokoto

*

25 Mei

Kokoto,

Marahaba. Jibu rasmi utakuwa umelipata: hatoki.

Tulijaribu Jumatatu mbele ya kila mtu, mafundi, mtu wa mipango na watu wengine wenye viatu visafi ambao sikuwajua. Mchanganyo ulikuwa wako, kama ulivyouandika. Pacha alichimba tu. Kila tukizungusha magurudumu, anashuka. Ilipofika jioni alikuwa amekaa kwa tumbo, na mtu wa mipango akasema inatosha.

Najua utataka kurudia hesabu zako. Usirudie. Hukukosea, na hakuna wa kukulaumu. Kama ni lawama, waje kwangu mimi niliyeshika usukani.

Suala la kiwanja nililinyamazia kwa kuwa ulikuwa na mzigo wako. Fundi hakosi cha kukaza duniani. Shemeji yangu ana karakana ya pampu za maji, alishaniambia nafasi ipo. Wifi yako anafurahi kwamba sasa nitarudi nyumbani nguo zikiwa na uchafu unaoeleweka.

Basi mpime Mgeni wako. Na kwa vile Kobe ndiye anayegharamia, mpime sawasawa.

Spana

*

30 Juni

Kaka Spana,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilisubiri niwe na la uhakika.

Kwanza, jibu lenu lilinishangaza. Sikulitegemea kabisa. Nilikaa nalo siku nzima nikitafuta pa kulitilia shaka, kisha nikakumbuka kwamba Pacha hana sababu ya kusema uongo.

Pili, Mgeni ni udongo mweupe. Tulimpima mpaka hakuna aliyebaki akibisha, hata yule bwana wa idara ya volkano ambaye hubisha hata saa ya ukutani. Lile jiwe limenyeshewa. Siyo kulowa mara moja, bali mvua juu ya mvua, kwa muda ambao mtu hawezi kuuwaza, mpaka maji yakaondoa kila kinachoondoka na kubakiza cheupe. Kule ambako leo hakuna hata tone. Mkuu alinishika mkono akasema hongera, kisha akauliza kama taarifa itakuwa tayari Ijumaa.

Tatu, Kobe. Nguvu zilipokuwa zinaishia, Mkuu aliagiza gurudumu moja lizungushwe mahali lilipo lichimbe mtaro, ili angalau tuone chini kuna nini. Picha ikaja. Wataitoa kwa umma. Siku iliyofuata tulimwita asubuhi hakuitika. Tukamwita tena mchana. Mwendesha mitambo akaandika "hakuna jibu" kwenye ubao, akanawa mikono, akaenda kula.

Mimi nilikwenda chooni nikalia. Nililia kwa furaha ya jiwe na kwa huzuni ya Kobe, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi. Kisha nikanawa uso nikarudi kuandika taarifa ya Ijumaa.

Asante kwa kujaribu. Najua ulijaribu.

Kokoto

*

19 Julai

Kokoto,

Marahaba, na hongera. Mama amewatangazia majirani kwamba binti yake amegundua mvua. Wamemwambia mbona hata wao huigundua kila ikinyesha, na sasa hasemeshani nao.

Hapa tunabomoa. Vifaa vimeshatoka, mafundi wenzangu wameaga, nimebaki mimi na mlinzi. Pacha atachukuliwa na lori mwisho wa mwezi ujao. Amebaki shimoni, nimemfunika. Siku hizi napenda kuingia bandani asubuhi na kukaa tu. Mtu akiniuliza nafanya nini nasema nahesabu spana.

Sitaki kukuficha, sina raha. Nikipita mtu akiniambia pole ya Kobe, namjibu asante huku moyo unanichoma. Itapita.

Binti yangu anataka shangazi yake aone picha waliyopigwa wote wawili juu ya Pacha. Ilipigwa na wifi yako, naye kaiweka mwenyewe kwenye bahasha. Amekazana niandike kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani. Hakushika.

Spana

*

2 Agosti

Kaka Spana,

Leo nimesahau shikamoo, utanisamehe.

Watoto kwenye picha wanapendeza. Lakini mimi kazi yangu ni kutazama alama za magurudumu, na macho yalikwenda chini yenyewe. Nyuma ya watoto kuna shimo la mchanga. Kutoka shimoni zinatoka alama, siyo za mbele bali za ubavuni, kama mwendo wa kaa. Zinapanda ukingo. Pacha amesimama nje, mkavu, mchanga umemganda magurudumuni. Nyuma ya picha wifi ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Jumapili, kesho ni jaribio.

Alitoka. Ulimtoa Jumapili, kisha Jumatatu ukawaonyesha watu kwamba hatoki. Uliuza kiwanja chako na kazi yako ili mimi nipate jiwe. Nimekasirika, na ninayemkasirikia amenifanyia jambo ambalo hakuna mtu amewahi kunifanyia.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu najua kwa nini huna raha. Unadhani umemuua Kobe. Hukumuua. Ule mchanganyo niliokutumia haukuwa wa kweli. Vipimo vilionyesha unga mtupu kwenda chini, mpaka chini ya vitovu. Mimi nikaandika unga kidogo. Nilitaka Pacha atoke, Kobe aamriwe kutoka, na kiwanja chako kisifungwe. Nilijiambia vipimo vinaruhusu. Vipimo havikuruhusu, niliviruhusu mimi.

Kwa hiyo Pacha kutoka kwenye mchanga wangu si kitu. Kwenye unga wa kweli asingetoka, na wewe ulisema kweli bila kujua. Barua hii ikionekana na mtu nimekwisha kazi. Ihifadhi au uichome, shauri yako. Nilitaka tu upate raha.

Kokoto

*

2 Agosti

Kokoto,

Picha ya ule mtaro imetoka gazetini. Mama ameikata na kuibandika jikoni, kwa hiyo naitazama nikinywa chai na naitazama nikiosha mikono. Ukuta wa mtaro umesimama wima, laini, hauna chembe kubwa hata moja. Ni unga mtupu. Mchanga ulionitumia niliuchanganya kwa koleo langu mwenyewe, naujua kama ninavyoujua mkono huu. Huu siyo ule.

Siulizi kwa nini. Nimejua kwa nini, kwa sababu na mimi nina langu. Jumapili nilikwenda kiwanjani na familia, nikamgeuza Pacha magurudumu yote upande mmoja, nikamtoa kwa ubavu. Alitoka vizuri tu. Nikakaa pale nikafikiri: huyu mtoto amesubiri jiwe lake maisha yake yote, na mimi naweza kufunga pampu. Jumatatu nikanyoosha magurudumu. Ukiyanyoosha anachimba; mafundi wenzangu waliniamini wasiulize, na wenye viatu visafi hawakujua la kuuliza.

Tangu hapo nilijihesabu muuaji. Nilipoona mtaro nilicheka peke yangu jikoni mpaka Mama akaja kunishika paji la uso. Nikasema alhamdulillahi, kumbe asingetoka.

Halafu nikaacha kucheka. Nani kasema asingetoka? Pacha hajawahi kuwekwa kwenye huo unga wa kweli. Wewe utasema asingetoka ili unipe raha mimi, na mimi nitasema asingetoka ili nikupe raha wewe. Tumeshaonyesha sote wawili tukoje. Nikimjaribu peke yangu na kukuandikia jibu, utaniamini? Mimi nisingekuamini wewe.

Lori halijaja. Njoo. Wewe changanya unga, mimi nishike usukani, kila mmoja amtazame mwenzake mikono.

Spana

*

9 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani, sasa hakuna cha kufichana.

Nimeomba ruhusa, na nimesema ni ya kifamilia. Nakuja na vipimo vyote. Usiguse koleo mpaka nifike. Mwambie Mama sihitaji kutandikiwa chumba cha wageni.

Kokoto

*

23 Agosti

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Uchunguzi,

YAH: KUSAHIHISHA TAARIFA MBILI ZA MWEZI MEI

Tafadhali rejea taarifa ya mchanganyo wa mchanga na taarifa ya jaribio la kiwanjani, ambazo ndizo zilizotumika kuamua kwamba Kobe abaki alipokwama. Sisi tuliotia sahihi hapa chini ni ndugu wa baba na mama mmoja, na taarifa zote mbili hazikuwa za kweli.

Ya kwanza iliandikwa na mpimaji wa madini. Ilipunguza kiasi cha unga kwa makusudi, ili kigari kionekane kinaweza kutoka. Ya pili iliandikwa na fundi wa kiwanja. Katika jaribio la hadhara alinyoosha magurudumu kwa makusudi, ili kigari kionekane hakiwezi kutoka. Hatukuelewana kabla. Kila mmoja alidhani anamfanyia hisani mwenzake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anataka nini kwa dhati.

Jana tulirudia jaribio kabla Pacha hajachukuliwa. Shimo lilijazwa unga kwa kufuata vipimo halisi na picha ya mtaro, na mpimaji aliuchanganya kwa mkono wake. Pacha alizamishwa mpaka vitovuni kama Kobe. Magurudumu yaligeuzwa ubavu. Shahidi alikuwa mama yetu, ambaye si mtaalamu na alikalia ndoo, lakini anatujua wote wawili na alitutazama bila kupepesa.

Pacha alitoka. Alitoka kwa shida na polepole, gurudumu la nyuma la kushoto likiwa la mwisho. Kwa hiyo Kobe naye angeweza kutoka.

Kipimo cha jiwe liitwalo Mgeni hakiguswi na haya. Ni udongo mweupe, na kule mvua ilinyesha. Hilo linabaki kama lilivyo, na aliyeligharimia tumeshamtaja.

Tunajua adhabu ya jambo hili na hatuombi ipunguzwe. Tunaomba kumbukumbu zirekebishwe, kwa kuwa tumesikia wanaounda kigari kijacho wanakiongezea uzito na magurudumu mapana kwa kuuogopa mchanga huu. Wasiuogope. Wageuze magurudumu ubavu.

Unga tumeurudisha kwenye mapipa na banda tumelifagia. Pacha hatukumsogeza tena. Tumemwacha nje ya shimo, pale aliposimama, na funguo zipo kwa mlinzi.

Wako katika kazi,

Mpimaji wa madini
Fundi wa kiwanja